Jiwe Lililoinamia Kushoto

3 Machi, Jumatatu
Mdomo wangu utanizika nikiwa hai. Daktari amenunua tangi la samaki la kioo, kalitua kwenye chumba cha kusubiria. Anasema wagonjwa wanatoroka. Wakisikia tu mashine ya kuchonga meno inalia huko ndani, kiti kinabaki na joto lao. Sasa anataka bustani ndani ya maji, mtindo wa Kijapani: mawe machache, nyasi fupi, basi. Akauliza nani anajua kupanga mawe. Nikasema mimi. Nimesomea!

Ningefanyaje? Juzi nilimsikia kwenye simu akiulizia mashine ya kupokea. Mlango ukafungwa, sikusikia zaidi. Anayepokea wagonjwa hapa ni nani kama si mimi? Lazima niwe na ujuzi ambao mashine haina.

Plasta, fundi wetu wa meno bandia, akataka kujua nimesomea wapi. Nikakohoa mpaka akaniletea maji.

4 Machi, Jumanne
Nimesoma kwenye simu mpaka macho yanawasha. Mawe yawe witiri, si shufwa. Kubwa ndilo baba, na lisikae katikati. Mengine ni mama na watoto, yote yainame upande mmoja kana kwamba maji yanayasukuma. Rahisi! Tatizo: vijiwe vilivyokuja na tangi ni watoto watupu. Baba hayupo.

Nikaokota makubwa kando ya barabara. Yanafanana na viazi. Tena jiwe hujaribiwa kwa siki. Likitoa povu lina chokaa, litaharibu maji. Nikamwaga. Povu! Yote povu! Mke wangu akauliza kwa nini naogesha mawe kwa siki yake. Nikasema ni kazi. Akasema kazi za waume wa wenzake huleta unga nyumbani, ya kwangu inatoa siki.

5 Machi, Jumatano
Nimelipata! Lilikuwa uani siku zote, nyuma ya gurudumu la gari la mwenye nyumba. Jeusi, lina mishipa, limeinamia kushoto tangu kuumbwa. Baba kabisa. Tone la siki: kimya. Nikaweka nusu tofali mahali pake. Gari lenyewe halijawaka tangu tuhamie. Leo ndiyo litaanza kutembea?

Nimelisimamisha kwenye udongo wa tangi, nikapanga watoto wake. Nyasi nimepanda shina moja moja kwa kibano cha meno. Maji nikayamimina juu ya mfuko wa nailoni yasichimbe. Daktari alisimama kulitazama hadi akamsahau mgonjwa ndani, mdomo wazi. Plasta akasema jiwe limeinama mno. Wivu!

Lakini jioni nimepita uani mara tatu kulichungulia lile tofali.

6 Machi, Alhamisi
Gari limetembea. Bila dereva, bila injini, bila haya. Limeteremka kinyumenyume, likakata kamba za nguo, likaligonga simtanki la maji likapasuka. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Ila nyumba nzima haina maji, na shuka letu limeondoka na bampa.

Mwenye nyumba akatukusanya wapangaji wote. Akasema aliyechukua jiwe lake atajulikana. Nikatazama chini. Akasema mwizi hutazama chini. Nikatazama juu. Mke wangu akanitazama mimi. Mzee akasaga meno kwa hasira mpaka tukasikia kah! Gego limepasuka. Mke wangu naye, kwa huruma zake, akamwambia asijali: mume wake yuko kwa daktari wa meno, kesho atamwingiza wa kwanza.

Sijala.

7 Machi, Ijumaa
Nimelifunika tangi kwa taulo. Mzee kaingia, shavu kama puto, akauliza kuna nini pale. Nikasema samaki wamelala. Samaki wenyewe hawajanunuliwa! Nikamgeuzia kiti akatazama ukuta. Daktari akamwita. Nikapumua.

Nilipopeleka faili ndani nikaona chombo kipya, mpira mwembamba unaovuta mate, ghrrr. Daktari akajisifu kwamba ndiyo ile mashine ya kupokea mate aliyoiagiza kwa simu. Mate! Nimeiba jiwe nikishindana na mpira wa mate!

Mzee akatoka, mdomo umekufa ganzi. Plasta akaona ni wakati wa maonyesho, akavuta taulo.

"Tazama, Mzee, kazi ya mwenzetu."

Mzee akaganda. Kidole kikanyooka. "Iwe angu!"

Daktari akauliza anasemaje.

"Iwe angu! Iwe angu!"

"Anasema liwe lake," nikatafsiri. "Amelipenda."

Daktari akafurahi mno. Mzee akaondoka, kidole bado kimenyooka. Ganzi huisha baada ya saa chache. Mimi ndiye huwaambia wagonjwa hivyo.

8 Machi, Jumamosi
Imeisha. Kaja mlangoni na maneno yake yote yamerudi, na mengine mapya. Nikajaribu kusema mawe hufanana, duniani wawili wawili. Mke wangu akasema, "Mume wangu, sema tu." Nikasema.

Nilitegemea polisi. Mzee akaketi kwenye ngazi. Akasema kwa sauti ndogo kwamba gari lile walinunua yeye na marehemu mdogo wake. Siku lilipowazimikia mlimani, mdogo wake ndiye aliyeruka nje akalizuia kwa jiwe hilo wasirudi bondeni. Hana haja ya kuliendesha tena. Anapenda tu kuliona limetulia.

Sikuwa na pa kuuweka uso. Hukumu: jiwe lirudi Jumatatu, na nibebe maji ya wapangaji wote mpaka simtanki lizibwe.

10 Machi, Jumatatu
Nimelitoa. Baba akiondoka, nyumba huanguka: udongo ukapanda, maji yakawa chai, nyasi zikaelea kama mboga sufuriani. Nikakiri kila kitu kwa Daktari, hata kwamba sijasomea. Akasema meza yangu ya mapokezi inanitosha, nibaki nayo.

Plasta kapanga vijiwe vitatu, watoto watupu, bila baba. Wagonjwa wote wameketi kimya wanavitazama. Inauma kuliko gego.

Naapa: sitajisifia tena nisichokijua.

11 Machi, Jumanne
Mabega yamekufa. Ndoo ya mwisho nimempelekea Mzee, nikamkuta kashika shavu. Gego limebaki kipande, Daktari ataking'oa Ijumaa, na sindano Mzee kaapa haitaingia tena kinywani mwake. Akauliza kama mimi, kwa kukaa kote huko kwenye meno, naelewa chochote. Akasema atakayemwondolea maumivu haya hatabeba ndoo tena.

Nikaitazama ndoo. Nikamwambia nimesomea.

Nimerudi ndani mara moja kujiandaa. Mzee kaketi kibarazani, kichwa nyuma, macho kafumba, ananiamini. Mke wangu anatafuta koleo la kung'olea misumari huku analia, au anacheka, sijui. Lakini kuna ugumu gani? Jino nalo ni jiwe dogo tu.