Kiti cha Prezida na Vifua vya Magara

Jumatatu, 4 Agosti

Pontiani amethubutu! Leo, mbele ya Klabu ya Kiingereza ya Rumonge nzima, amesema prezida wa klabu lazima ajue Kiingereza. Prezida ni mimi, Nasiri. Nimekalia kile kiti cha mikono tangu klabu izaliwe, maana klabu ilizaliwa barazani kwangu na kiti ni changu. Kiingereza changu kinatosha: naweza kumsalimu mtu, kumuaga, na kumwambia hakuna tatizo. Zaidi ya hapo ni majivuno.

Pontiani alikulia ukimbizini Tanzania, akasoma huko, akarudi na Kiingereza chote. Anataka tushindane Jumapili katika ukumbi wa shule. Mwalimu Eliana atachota herufi tatu kwenye sufuria, nasi tutaje maneno ya Kiingereza yenye herufi zote hizo ndani yake. Mwenye maneno mengi ndiye prezida. Wanachama walipiga makofi. Nami nikapiga, kwa kujisahau.

Sokoni wote huniita Prezida. Hata mama yangu mzazi! Kiti kikienda, narudi kuwa Nasiri muuza mawese. Moyo unaniuma kwa kuwaza tu.

Jumatano, 6 Agosti

Jana nilifungua kamusi. Nililala kwenye A.

Lakini leo nimepata! Asubuhi nilikwenda Magara kutafuta samaki, nikakuta hakuna. Mwezi unakaribia kujaa, na mwezi ukiwaka ndagala, hawa dagaa wa ziwani, hawafuati taa, basi wavuvi wamejilaza ufukweni wanapiga soga. Kila mmoja na fulana yake ya mtumba, ya kazini. Nikatazama kifua cha mvuvi Amissi: MARATHON. Jirani yake: HAPPY BIRTHDAY GRANDMA. Mwingine ana aya nzima mgongoni kuhusu kuzima moto! Kiingereza kitupu, na wenyewe hawana habari nacho. Nilizunguka nikikagua mpaka Amissi akaniuliza, "Prezida, iko unatafuta nini mu kifua yangu?" Nikamjibu naangalia afya yake.

Mpango ni huu. Wavuvi wakae safu ya mbele. Herufi zikitoka, mimi nasoma vifua tu. Kamusi yenye miguu! Pontiani atalia.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nimemfuata Papa Abdoulkarim, mkubwa wa wavuvi wa Magara. Yeye siwezi kumpa siri. Anachukia udanganyifu, aliwahi kumfukuza mvuvi aliyeficha ndagala walioharibika chini ya wazima. Kwa hiyo nimepita njia ya sukari. Nimemwambia klabu imeona wavuvi wanasahauliwa, na Jumapili yeye na watu wake watakuwa wageni wa heshima, safu ya mbele kabisa.

Macho yalimlowa! Akasema tangu aanze kuvua hajaona mkutano uliomweka mvuvi mbele, na kwamba hawataniaibisha hata kidogo. Akanishika mkono akishukuru, murakoze, murakoze, mpaka vidole vikafa ganzi.

Njiani nimempita Pontiani amevaa miwani, anasoma. Nimemwonea huruma.

Jumapili, 10 Agosti

Msiba!

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Nimekaa kitini mwangu, tabasamu huku na huku, macho mlangoni. Wageni wangu wakaingia. Ya Rabi! Kanzu! Kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, kofia za kudariziwa, safu nzima inanukia udi. Amissi sikumtambua. Bila shaka! Nani aitwe mgeni wa heshima halafu aje na fulana ya kuvulia? Hata mimi nisingekuja nayo. Kwa nini sikuwaza? Vifua vyote vyeupe pe, hakuna hata nukta.

Eliana akachota: A, R, T. Pontiani akaanza kumwaga maneno. Mimi nikatafuta pa kusoma. Chupa ya maji mezani: Kifaransa. Ukutani: Kirundi. Nilikumbuka kifua cha Amissi kilikuwa na neno refu, lakini lipi? Nililitazama, sikulisoma.

Ndipo nikamwona Niyonzima, Mkristo pekee wa kundi lile, ndani ya suti. Lebo ya mshonaji bado iko kwenye mkono wa koti, maana kuitoa ni kuishusha suti cheo. Nikampungia. Naye kwa adabu akanipungia, mkono juu. MASTER TAILOR! Maneno mawili, na yote yana herufi zangu! Wavuvi wakasimama wakipiga kelele, "Prezida! Prezida!" Sijawahi kufurahi vile maishani.

Kisha Pontiani akaendelea, akaendelea, mpaka Eliana akamwomba apumzike. Nimeshindwa.

Sasa nimefungua ukurasa wa Jumatano. MARATHON! Herufi zote tatu zimo! Fulana iko Magara, imeanikwa kwenye kamba.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Mwasiti muuza ndagala amenisalimu, "Amahoro, Nasiri." Nasiri tu! Nimejificha nyuma ya madumu ya mawese nikalia. Kiti wamekibeba hadi kwa Pontiani. Kiti changu mwenyewe! Nimewasaidia kukipitisha mlangoni.

Mchana akaja Papa Abdoulkarim. Nilidhani anakuja kunipa pole, kumbe kunishukuru. Amesema wake zao bado wanasimulia jinsi waume zao walivyopendeza pale mbele, na siku nikiwaita tena watakuja wote, na kanzu zilezile. Niliona haya. Nilifungua mdomo nimwambie ukweli wote, wallahi nilifungua. Lakini maneno yale yakaniingia. Kanzu zilezile!

Nikakimbia kwa Hamissi, fundi wa cherehani. Kanzu si hudariziwa kifuani? Basi adarizi Kiingereza! Heshima na kamusi katika vazi moja! Mwezi ukijaa tena, nadai marudio. Hamissi akasema kama maneno ya kudarizi yatajulikana, basi niyasome tu, kuna haja gani ya uzi. Fundi hodari, lakini uongozi haujui.

Akauliza adarizi maneno yapi. Hilo nimeshalimaliza. Kesho asubuhi naenda kwa Pontiani kumwomba aniandikie.