Kikao cha Programu Zisizoombwa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa jengo la kaunti, likachapwa gazetini, na nakala moja ikabandikwa kwenye mlango wa friji ya chumba cha kahawa. Kuanzia tarehe mosi Septemba, Kaunti ya Tamarack, Minnesota, ingeondoa kwenye kompyuta zake zote mia mbili na sita kila programu iliyokuja na mashine bila kuombwa na mtu. Lilikuwa tangazo zito, lenye muhuri na saini tatu, na wote tuliolisoma tuliitikia kwa kichwa tukasema, "Si mbaya." Huku kwetu hakuna sifa inayozidi hiyo.

Aliyekabidhiwa kazi ni Verlyn Haugdahl, mkurugenzi wa kompyuta wa kaunti kwa miaka kumi na tisa. Tuseme ukweli, maana hata yeye alikuwa akiusema: Verlyn hakuwa amewahi kuondoa programu yoyote. Mara moja alijaribu kuondoa mchezo wa kupanga peremende kwenye mashine yake mwenyewe, akaishia kuondoa printa.

Wa kwanza kugonga mlango wake alikuwa Marlys Kvam, mpangaji wa malori ya kusukuma theluji. Ramani za njia, zamu za madereva na hata kufuli la pampu ya dizeli, vyote viko ndani ya kompyuta yake. Isipoamka, lori halitoki.

"Bosi, mashine yangu inachukua dakika ishirini na mbili kuamka," alisema. "Nikiiwasha, kwanza anatokea yule msaidizi wa kwenye skrini anayetaka kujua kama nahitaji kusaidiwa. Halafu hali ya hewa ya Brazili. Halafu michezo minne. Halafu kitu cha kuwavalisha paka kofia."

"Pole sana."

"Pole yako siitaki. Januari basi la shule lilikwama Barabara ya Tisa dakika arobaini. Watoto kumi na wanane, Verlyn, kwenye baridi ile, na mimi nimekaa hapa namtazama paka mwenye kofia! Binamu yangu amenipa amri kumi za kuandika. Dakika tano, yote yameisha. Niruhusu tu."

Verlyn alitamani kumruhusu. Lakini alikuwa mkurugenzi, na mkurugenzi akiruhusu jambo la dakika tano limalizike kwa dakika tano, watu wataanza kuuliza maswali.

"Marlys, mama yangu, serikalini kitu hakiondolewi hivi hivi. Lazima kwanza kitambuliwe."

Ikaundwa Kamati ya Utambuzi. Baada ya vikao sita na sufuria kadhaa za kahawa, kamati ilitoa fasili rasmi ya programu isiyotakiwa: haikuombwa na mtu, inajifungua yenyewe kila asubuhi, inatumia nguvu nyingi kuliko kazi inayofanya, na hakuna anayeweza kueleza kwa hakika inafanya nini. Verlyn aliisoma fasili hiyo mara mbili. Akahisi kama inamhusu mtu fulani anayemfahamu, akaisaini haraka.

Kisha akajenga Mfumo wa Usimamizi wa Uondoaji. Ulikuwa kazi ya mikono yake na, moyoni mwake, fahari yake pekee. Kila kompyuta ilipowashwa, Mfumo uliikamata programu isiyoombwa ikijaribu kujifungua, ukaisimamisha, ukasimamisha na kompyuta, kisha ukaomba idhini ya kuendelea kutoka kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi akiwa likizo au kwenye mkutano, Mfumo ulitambua hilo wenyewe kwa kusoma kalenda yake, ukasubiri kwa adabu. Cheo kikiwa wazi, ombi lilipanda kwa Mwenyekiti wa Makamishna, kisha kwa makamishna wengine. Mfumo ulisoma hata kumbukumbu za vikao karani anapoziandika, ili ujue nani bado ana cheo.

Kompyuta ya Marlys sasa ilichukua dakika thelathini na nne.

"Hizo kumi na mbili zilizoongezeka ni za nini?" Marlys aliuliza.

"Ni za kuondoa zile ishirini na mbili," alisema Verlyn, na hata masikioni mwake mwenyewe maneno yalisikika vibaya.

Uondoaji wenyewe ulihitaji kikao cha kusikiliza wananchi. Kilitangazwa gazetini siku thelathini kamili, kama sheria inavyodai, na kilipofika kilikuwa Jumanne ya pili ya Desemba, saa saba mchana. Nyuma ya ukumbi palikuwa na meza yenye trei za viazi na nyama ya kusaga zilizookwa, na sahani ya keki yenye kipande kimoja cha mwisho ambacho, kwa malezi yetu, hakuna ambaye angekigusa hata kwa mtutu wa bunduki.

Mbele walikaa makamishna wawili. Mwenyekiti alikuwa Ardis Engebret, mwanamke wa nywele zilizosimama imara, aliyeiweka kampeni hii ya kusafisha kompyuta kwenye kila bango lake la uchaguzi. Pembeni yake alikuwa Orrin Sletten, mzee mpole ambaye kwa miaka minane alikuwa ameunga mkono kila hoja bila kuuliza inahusu nini. Wa tatu alikuwa Arizona, anakokwenda kila mwaka chembe ya kwanza ya theluji inapoanguka. Wawili walitosha kwa akidi.

Kila mwananchi alipewa dakika tatu. Wa kwanza alikuwa Duane Pribyl, mfugaji wa ng'ombe.

"Mimi sina kompyuta," alisema. "Lakini ule mchezo wa karata msiuguse. Marehemu mke wangu aliucheza pale dirisha la leseni akisubiri foleni iishe. Ndio tu."

"Imepokelewa," alisema Mwenyekiti. "Umebakiwa na dakika mbili na nusu."

"Basi nitasimama tu hapa," alisema Duane, na akasimama.

Nje, theluji ilianza. Saa saba na nusu taa zilizimika sekunde mbili zikarudi. Saa nane kasoro Marlys aliingia ukumbini mbio, bila koti.

"Umeme umezima mashine yangu! Nimeiwasha, imekwama kwa paka. Inaomba idhini ya Mkurugenzi."

Verlyn alishika simu yake, akafungua Mfumo, akabonyeza pa kuidhinisha. Mfumo ukamjibu: Mkurugenzi yuko kwenye mkutano.

"Mkurugenzi ni mimi!" aliiambia simu.

"Toka nje basi," alisema Marlys.

Alitoka hadi koridoni, akabonyeza tena. Mkurugenzi yuko kwenye mkutano. Akarudi amenywea. "Unasoma kalenda. Na kalenda imefungwa mpaka kikao kiishe. Nilitaka pasiwe na ujanja."

"Mheshimiwa, funga kikao," Marlys alimwambia Mwenyekiti. "Inchi mbili kwa saa zinaanguka. Malori tisa yamekaa hayana dizeli."

"Wananchi kumi na mmoja bado hawajasema," alijibu Ardis. "Kikao kilichotangazwa siku thelathini hakikatizwi. Ni sheria. Anayefuata!"

Anayefuata alitaka kuzungumzia mbwa wa jirani yake.

Verlyn alitazama dirishani. Hakuyaona tena maegesho. Aliwaza kuhusu basi la shule, kisha miaka yake kumi na tisa, kamati sita alizoziongoza na moja aliyoiunda kuchunguza zile sita, akaona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio. Akasimama.

"Mheshimiwa, naomba itolewe hoja. Cheo cha Mkurugenzi wa Kompyuta kifutwe. Sasa hivi."

Ardis alimtazama, na tuliokuwepo tuliona jinsi uso wake ulivyochangamka: mkurugenzi mzima ameondolewa mbele ya wapiga kura!

"Natoa hoja," alisema.

"Naunga mkono," alisema Orrin.

Karani akaandika. Marlys alikimbia koridoni, akarudi. "Imekubali! Hakuna Mkurugenzi. Sasa inaomba idhini ya Mwenyekiti."

Ardis alitoa simu yake kwa madaha, akabonyeza. Mwenyekiti yuko kwenye mkutano.

"Verlyn, hiki nini?"

"Ni ngazi ya vyeo, Mheshimiwa. Wewe ndiye uliyetaka Mfumo uwe na ngazi."

"Basi funga huo Mfumo!"

"Siwezi. Mimi si mkurugenzi tena."

Redio kwenye kiuno cha Marlys ikakoroma. Dereva wa basi la shule alikuwa amekwama Barabara ya Tisa, juu ya kilima, haoni pua ya gari lake. Watoto ishirini na mmoja. Mafuta ya kupasha joto robo tangi.

"Ya tisa," alisema Ardis, na sauti yake haikuwa ya kwenye mabango. "Britta yumo. Mjukuu wangu."

Akamgeukia Verlyn.

"Nikitoka mimi," alisema polepole, "Orrin atakuwa amebaki mmoja."

"Na mmoja hafanyi akidi," alisema Verlyn. "Bila akidi hakuna mkutano. Orrin atakuwa mzee tu aliyekaa kwenye kiti, mwenye mamlaka yote."

Ardis alivua beji yake, akaiweka mezani. "Andika, karani. Najiuzulu kiti changu. Na uandike haraka, mwanangu!"

Karani akaandika. Orrin aliangaza macho kulia na kushoto, akashtuka kujikuta peke yake.

"Sasa naunga mkono nini?"

"Bonyeza ndiyo!" ukumbi mzima ulipiga kelele.

Akabonyeza. Marlys alikuwa keshafika kwenye mashine yake, na safari hii hakungoja kamati: alimtumia Orrin ombi moja zaidi la idhini, akaandika amri kumi za binamu yake, akaiwasha upya. Iliamka kwa sekunde thelathini na nane. Malori tisa yalitoka, na saa tisa na robo redio ikasema basi limeshuka kilima, watoto wote wazima, wawili wanadai wana njaa. Ardis alilia hadharani, jambo ambalo huku kwetu halifanywi.

Ilibidi wasubiri barabara. Mkurugenzi wa zamani na mwenyekiti wa zamani waliketi nyuma ya ukumbi, kila mmoja na sahani ya viazi vilivyopoa. Orrin alikuwa bado anaidhinisha vitu huko mbele, amechangamka kama hajawahi.

"Verlyn," alisema Ardis, akipangusa macho, "programu hizi zikishaondolewa, ndio basi tena?"

"Hapana, Mheshimiwa. Sasisho kubwa likija, huwa zinarudi zenyewe."

Ardis alitafuna, akafikiri, na ule uso wa kwenye mabango ukaanza kumrudia.

"Uchaguzi wa kujaza kiti changu ni Novemba," alisema.

Marlys alikuwa anapita na kikombe cha kahawa. Hakusimama.

"Zile amri kumi," alisema, "nimezipanga zijiendeshe zenyewe kila Novemba."