Moshi wa Saa Nane

Jumatatu, 3 Machi
Mtafiti wa moshi kafika kwetu. Dada mpole, begi zito. Katundika kisanduku cheupe jikoni, juu ya mafiga, kipime masizi kwa siku tatu. Nyumba yenye moshi mwingi kuliko zote itapewa jiko banifu lenye dohani ya kutolea moshi nje. Bure! Akasisitiza tupike kama kawaida, akamwachia mke wangu fomu ya kuandika saa za kupika. Mke wangu anakohoa tangu mwaka juzi. Leo alicheka kama zamani. Jiko hilo ni letu. Nitahakikisha mimi mwenyewe!

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleleza. Mpinzani ni seremala, jirani yetu. Anapikia maranda! Kuni zetu kavu zitafua dafu? Nikaenda kumwomba gunia la maranda mabichi, nikidai ni ya banda la kuku. Akakubali, ingawa anajua sina kuku. Saa nane, mke akiwa kazini, nikawasha nusu yake. Moshi wa kukata kwa kisu. Nilitaka kuongeza kandambili iliyokatika, nikaiacha, maana mtafiti anapima moshi wa kuni na mimea tu. Mimi si tapeli.

Jumatano, 5 Machi
Saa nane tena, nusu iliyobaki yote. Nyusi ya kushoto imeungua. Mke karudi mapema, kanikuta nimekaa kizingitini, machozi yakitiririka. Nikamwambia nimemkumbuka babu. Akasema babu yuko sebuleni, anauliza kinachoungua ni nini.

Ijumaa, 7 Machi
Matokeo. Mtafiti kafungua karatasi yenye mistari. Milima midogo asubuhi na jioni, sawa kabisa na fomu ya mke wangu. Kisha milima miwili mikubwa ajabu, yote saa nane. Akauliza kwa upole nani alikuwa anapika saa hiyo. Babu akaninyooshea mkongojo.

Vipimo vikishachezewa, nyumba nzima inafutwa. Jiko limekwenda kwa seremala. Mtafiti akaongeza, kwa masikitiko, kwamba ile milima midogo peke yake ilitosha kutupa ushindi. Moshi wetu wa kila siku! Ule anaouvuta mke wangu wakati mimi nasubiri chakula sebuleni. Hakunigombeza. Alikunja fomu yake, akakohoa, akaenda kuwasha kuni. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Jumamosi, 8 Machi
Habari njema! Limebaki jiko moja, na hata nyumba iliyofutwa inaruhusiwa. Wiki ijayo mtafiti atapima vifua: kila mtu wa nyumba anapuliza kwenye mrija, na nyumba yenye pumzi dhaifu kuliko zote inalichukua. Mke kasema kifua chake kinatosha, nisiguse chochote, nikae tu.

Nikae tu? Na mimi nitapuliza, na kifua changu ni kizima mno, kitatuangusha. Nimerudi kwa seremala kuomba gunia la maranda. Kanipa mawili. Nitajifungia jikoni kila siku, saa nane.