Chumba cha Nne Hakikaliwi

Jumatatu, Machi 4
Tarehe nne! Siku ya nuksi, maana kwa Kichina nne husikika kama kifo, na Bosi Fauzi kachagua hiyo hiyo kututangazia: Ijumaa, mwenye programu bora ya kuendesha mashine ya maandazi ya mvuke atakuwa mkuu wa kitengo. Cheo ni changu. Mama ameshawaambia majirani. Tatizo moja tu: Vasanthi wa meza ya pili. Kazi anaijua, mwanamke yule.

Jumanne, Machi 5
Nimesoma lugha ya C mpaka macho mekundu. Chipu, ule ubongo mdogo wa mashine, ina rejista, vyumba vidogo vilivyopangana. Ukiandika ndani, kitu kinatendeka: taa inawaka, feni inazunguka. Strakti ni orodha ya vyumba hivyo kwa mpangilio wake. Pointa ni anwani ya chumba cha kwanza; vingine kompyuta inahesabu yenyewe. Nimeelewa! Kuandika sasa... Vasanthi alipokwenda kula laksa, tambi zake za mchuzi, nilinakili faili lake.

Jumatano, Machi 6
Masikini Vasanthi! Taa, feni, hita, halafu mfuniko pale pale pa nne! Hata jengo letu hapa Penang lina ghorofa ya 3, kisha 3A; ya 4 hakuna. Nimeacha cha nne kitupu, mfuniko nimeusogeza mbele. Roho imetulia. Mwongozo wa chipu? Kurasa mia tisa. Asome mwenye nafasi.

Ijumaa, Machi 8
USHINDI! Ya Vasanthi ilianza vizuri, mvuke ukajaa, mfuniko ukagoma kufunguka. Maandazi yakawa uji. Yangu: taa, feni, hita, mfuniko pa! Maandazi meupe, yamenona. Vasanthi akafungua mwongozo kwa hasira. Kumbe watengenezaji wenyewe wameiacha tupu nafasi ya nne! Akaniuliza nilijuaje. Uzoefu, dada. Bosi akasema hatimaye kapata mtu anayesoma mwongozo. Vasanthi akanipa mkono, akaninong'oneza kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamjibu mimi sinywi.

Jumatatu, Machi 18
Chipu mpya, vyumba ishirini, mpangilio mwingine kabisa. Nimeamuru cha nne na cha kumi na nne viachwe vitupu, vinavyofuata visogezwe mbele. Vasanthi akasema, "Mkuu, soma kwanza, hii haina nafasi tupu hata moja." Wivu! Leo, mbele ya mnunuzi kutoka mji wa Ipoh, nimeagiza feni, kikalia king'ora. Nimeagiza mfuniko, ikawaka hita mpaka plastiki ikanuka. Bosi kashika kichwa, nadhani kwa mshangao. Sikutetereka. Nimewaandikia waliotengeneza chipu, kwa upole kabisa, warekebishe kosa lao.