Ayala, Upinde na Gari la Mzee Vénérand

Mwiti alikuwa na kanuni moja tu maishani, na aliishika kuliko wengi wanavyozishika Amri Kumi: uongo mzuri hujengwa juu ya karatasi ya kweli. Karatasi ya kughushi hukamatwa hata na mtoto wa shule. Karatasi ya kweli, yenye nembo ya serikali na tarehe ya mwisho, haina wa kuipinga, kwa sababu hakuna anayeisoma.

Karatasi ya kweli ilimjia asubuhi moja ya Agosti 2021, akiwa amelala chali chumbani kwake Guildford, simu kifuani. Sydney nzima ilikuwa imefungiwa ndani. Hoteli ya katikati ya jiji alikokuwa akibeba masanduku ya wageni ilifunga milango tangu Juni, na huku magharibi helikopta ilizunguka angani kana kwamba inamtafuta aliyetoka kununua maziwa mara mbili. Kazi ilikuwa imebaki moja. Bohari ya vifurushi kule Seven Hills ilitaka madereva, kwa sharti kwamba kila dereva awe na gari la mizigo lililoandikwa kwa jina lake mwenyewe, kufikia Jumatatu ya pili. Mwiti alikuwa na leseni, barakoa tatu na maneno yasiyoisha. Gari hakuwa nalo.

Gari lilikuwa mtaa wa pili, uani kwa mzee Vénérand, limefunikwa turubai. Hiace nyeupe, ndefu, viti vya nyuma vinang'oka.

Basi alikuwa akipekua simu kutafuta njia ya kulifikia gari hilo, ndipo akaangukia ukurasa wa serikali ambao mtu mwenye akili timamu angeupita. Ilipendekezwa kubadili kanuni za msimu wa kuwinda ayala. Wawindaji wa upinde wangeanza wiki tatu kabla ya wenye bunduki. Wananchi walikaribishwa kutoa maoni hadi Ijumaa. Mwiti hakusoma zaidi ya hapo. Aliketi, akavaa shati la kola, akaenda kupalilia bahati yake.

Mzee Vénérand alikuwa Mrundi aliyeingia nchi hii kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, akafungua duka la unga wa muhogo, dagaa na mawese. Watu walimjua kwa tamaa mbili: kuwa wa kwanza kuuza kitu, na kuitwa kwa cheo. Alikuwa rais wa vyama vitatu. Kimoja kilikuwa na wanachama.

Walizungumza wakitenganishwa na uzio, kila mmoja na barakoa yake. Mwiti alianza mbali, kwa afya ya mama Marie-Jeanne, mke wa mzee, na bei ya dagaa, kisha akashusha sauti kama mtu anayetaja ugonjwa wa jirani.

"Mzee, ayala unamjua?"

"Yule wa Zaburi?"

"Huyo huyo. Hapa wamejaa milimani mpaka wakulima wanalia."

Akamwonyesha ukurasa. Akamwacha aitazame nembo kwa muda wa kutosha. Kisha akaeleza, kwa huzuni ya mtu aliyelemewa na siri, kwamba wenye pinde watakaojiandikisha kabla ya Ijumaa ndio watakaofungua msimu, wiki tatu nzima bila mlio wa bunduki, na kwamba yeye Mwiti ni mpiga upinde tangu utotoni Meru. Ukweli ni kwamba alizaliwa Nairobi, ghorofa ya nne, na silaha pekee aliyowahi kuishika ni manati, ambayo ilivunja dirisha la mama mwenye nyumba. Nyama yote ingeingia kwenye friza moja tu Sydney. Hakutaja ni friza ya nani. Fundi mzuri humwachia mteja apige msumari wa mwisho.

"Na upinde wako uko wapi?" mzee aliuliza.

"Kwa fundi. Anakaza kamba."

Ikabaki shida ndogo, inayomwumiza Mwiti kuitaja. Katika siku hizi za vibali, mwindaji hatoki jijini ila kwa gari lenye jina lake. Gari la kuazima halikubaliki, polisi wangemrudisha pale pale kwenye barabara kuu. Kama angetokea mtu mwenye gari kubwa lililolala bure, akaliandika kwa jina la mwindaji, kwa muda tu, kwa ajili ya makaratasi. Mwiti alitazama pembeni aliposema hivyo. Akatazama turubai kwa bahati mbaya.

Mzee aliomba siku tatu. Kwa siku tatu Mwiti hakula vizuri, kwa maana Jumatatu ilikuwa ikija na bohari haingoji mtu. Siku ya tatu mzee alimpigia mwenyewe. Alikubali. Tena asingeliazimisha gari, angempa moja kwa moja, liwe lake. Sharti lilikuwa moja.

"Sisi kwetu, kitu kikubwa hakihami kwa karatasi peke yake," mzee alisema. "Nitakupa mbele za watu, Jumapili, kwenye Zoom. Uvae vizuri, mwanangu."

Mwiti alikata simu akacheza peke yake chumbani. Tapeli wa kawaida hukimbia mashahidi. Huyu mzee alikuwa anamletea mashahidi mlangoni, bure, washuhudie kwamba gari lilitolewa kwa hiari na halitadaiwa kamwe. Ingekuwa heshima kumwibia mtu wa namna hiyo, aliwaza, na akapiga pasi suti.

Jumapili mchana, ibada ya mtandaoni ilipokwisha, hakuna aliyetoka. Madirisha themanini na mawili yalibaki kwenye kioo, kutoka Blacktown hadi Wollongong, mengine yakionyesha dari, mengine pua. Uani palikuwa na viti viwili vilivyoachana kwa mita moja na nusu, Hiace iliyooshwa ikang'aa, na mtungi wa pombe ya mtama aliyoipika mama Marie-Jeanne, wenye mirija miwili, kila mtu na wake, kama afya ya umma inavyotaka. Mshereheshaji, bwana mmoja aitwaye Fiacre, aliwasihi watu wafunge vipaza sauti vyao. Hawakufunga.

Mzee aliongea kwa dakika arobaini. Alitaja baba yake, ng'ombe wa baba yake, rangi za ng'ombe hao, vita, kambi, ndege. Mwishowe aligusa boneti kama anayegusa paji la uso la ndama, akasema kwa Kirundi neno ambalo Mwiti hakulijua, na madirisha yote yakapiga makofi. Fiacre alimnong'oneza Mwiti apokee ufunguo kwa mikono miwili, anywe, kisha aseme, "Umenigabira, mimi ni wako." Mwiti aliona ni adabu tu za wazee. Alipokea, akanywa, akasema. Hata akaongeza chumvi zake: wako leo, kesho na milele. Wanawake wakapiga vigelegele, na mtoto mmoja huko Blacktown akauliza kwa Kiingereza kama sasa wanaweza kula.

Karatasi za gari zilimalizika jioni ile ile. Jumatatu alfajiri Mwiti aliingia Seven Hills akipiga mluzi, jina lake likiwa kwenye hati ya gari, kibali mfukoni. Msimamizi wa zamu alikuwa bwana mnene mwenye kizibao cha njano, Niyonzima kwa jina, na alimpokea kwa uchangamfu uliozidi kidogo.

"Karibu sana, mtu wa mzee Vénérand. Nilikuwa kwenye dirisha la tatu juu."

Akampa ratiba. Ilikuwa nzuri, ila kila siku iliacha pengo kuanzia saa tisa hadi jioni. Mwiti akauliza la nini. Niyonzima akaeleza kwa upole, kama mwalimu wa chekechea, kwamba hapo ndipo atakapobeba mizigo ya duka, na kuwapeleka wazee kuchanja, na Jumamosi kuna mama mmoja anahama.

"Boss, hili gari ni langu," Mwiti alisema.

"Lako kabisa. Nani kasema si lako? Petroli yako, tairi zako, faini zako." Niyonzima alimwekea kifurushi cha kwanza mikononi. "Lakini umegabiwa, ndugu. Kwetu mtu akigabiwa ng'ombe, ng'ombe ni wake, na yeye ni wa aliyempa. Ulisema milele. Tulisikia wote."

Mtu mwingine angekata tamaa. Mwiti alikata kona. Jioni hiyo aliliingiza gari kwa Mirindi, Mkongomani muuza magari aliyejulikana kwa kununua chochote bila maswali. Mirindi alizunguka gari mara moja, akapiga tairi teke, akalitambua, akarudi nyuma. Ng'ombe wa kugabiwa hauzwi, alisema, hata kwao Bushi mtoto mdogo anajua hilo. Na yeye asingetaka laana ya watu wazima themanini na wawili. Alikuwa dirisha la chini, kamera imezimwa.

Akaacha kupokea simu. Siku ya pili ratiba yake Seven Hills ilibaki na kifurushi kimoja. Siku ya tatu, hakuna. Siku ya nne alikuwa mlangoni kwa mzee, kofia mkononi, na huko ndiko ukweli ulikoketi ukimngojea, ukinywa chai ya maziwa.

"Mzee, ulijua tangu mwanzo?"

"Mwanangu, nilikaa kambini miaka kumi na minne," Vénérand alisema. "Walituuzia nafasi za Kanada, nafasi za Norwei, nafasi ya kukaa karibu na mlango wa ndege. Zote zilikuwa na karatasi nzuri. Wewe angalau ulikuja na mnyama."

Kisha akavua miwani, akaonyesha jicho la kushoto lenye ukungu. Daktari alikuwa amemnyang'anya leseni tangu Machi. Gari alilipenda, kuuza hakutaka, na madereva wote aliowaomba walitaka mshahara. Alikuwa amekaa miezi mitano akimwomba Mungu mtu mwenye leseni, mwenye mdomo na mwenye haraka. Mama Marie-Jeanne alimmiminia Mwiti chai, akamwambia anywe, maana magunia ya muhogo yalikuwa yamefika.

Mwiti alibeba gunia. Alibeba Septemba yote. Na usiku, kama ilivyo desturi ya watu wa aina yake, alitafuta mlango wa nyuma katika sheria. Niyonzima ndiye aliyeuonyesha bila kujua, wakipakia vifurushi. Mgabiwa mwema, alisema, hungoja ng'ombe azae, kisha humrudishia mgabaji ndama. Huko ndiko kuitura. Deni la heshima hulipwa hivyo.

"Likilipwa, mtu anakuwa huru?"

"Anakuwa mtu mzima," alisema Niyonzima, na Mwiti, ambaye hajawahi kusoma kitu mpaka mwisho, hakuuliza tofauti yake.

Wakati huo jambo la ajabu lilikuwa limetokea nyumba ya mzee. Ule ukurasa wa serikali, Vénérand alikuwa ameusoma wote, mjukuu wake Lyse akimfasiria. Hakuna mahali palipotajwa kujiandikisha kabla ya Ijumaa. Palikuwa na maoni tu, basi mzee akatuma maoni, kurasa tano, akiunga mkono upinde kwa sababu hauwaamshi majirani. Alijua pia kwamba nyama ya porini haiuzwi dukani ovyo, kwa hiyo friza aliisahau. Lakini upinde haukumtoka. Milango ya jiji ilipofunguliwa Oktoba, yeye na wazee wenzake watatu walijiunga na klabu ya kulenga shabaha, wakafanya mtihani, wakapata leseni. Jicho la kulia lilikuwa zima, na kwa upinde, alisema, mtu hulenga kwa jicho moja. Nani aliwapeleka mazoezini kila Jumamosi, sina haja ya kueleza.

Mwaka uliofuata pendekezo likapita, msimu wa pinde ukatangazwa, na wiki moja kabla ya kufunguliwa Mwiti aliomba kikao. Alitaka mashahidi wale wale. Safari hii watu walijaa uani kwa miili yao, na mtungi ukawa na mirija mingi.

Mwiti aliingia na Hiace polepole, taa zimewashwa. Nyuma yake, limefungwa kwa mnyororo mpya, lilifuata trela dogo jeupe la tairi mbili, lililonunuliwa kwa mkopo na kupakwa rangi ileile ya mama yake.

"Mzee," alisema Mwiti, kwa sauti aliyoifanyia mazoezi bafuni, "ng'ombe wako amezaa."

Wazee walilizunguka lile trela. Mmoja aliinama chini akatazama, kana kwamba anathibitisha jinsia. Fiacre akauliza kama gari la petroli huweza kuzaa kitu kisicho na injini, wakajadiliana, wakakubaliana kwamba ndama hazaliwi akiwa na maziwa. Vénérand akamkumbatia Mwiti, machozi yakimtoka jicho zima na bovu, akasema wengi aliowasaidia hawakuwahi kuitura. Mwiti alinyoosha mkono kuagana naye, akiwa tayari mtu huru mwenye gari.

"Ngoja," mzee alisema, bado ameushika mkono. "Mtu anayerudisha ndama, kwetu hatumwachi aende mikono mitupu. Tunajua sasa ng'ombe akikaa kwake anazaa."

Akainua sauti hadi barabarani, na mbele ya watu wote akamgabira trela.

Vigelegele vilipotulia, mama Marie-Jeanne alieleza kwamba Mungu ni mkubwa, maana alikuwa ameapa damu ya mnyama haitamwagika kwenye viti vya Hiace, na wazee walikuwa hawajui ayala watambeba kwa kitu gani. Fiacre alishamsogezea Mwiti mrija. Themanini na wawili walikuwa wanamtazama, na msimamizi wake alikuwa mstari wa mbele, amevaa tai.

Mwiti akanywa. Safari hii neno la milele hakulisema, lakini wenzake walimsaidia kulisema.

Jumamosi saa kumi alfajiri alikuwa kwenye barabara kuu ya kuelekea milimani, wazee wanne nyuma wakiimba, pinde nne kati ya magoti yao, ndama akigonga gonga nyuma kila penye shimo. Ilipofika saa tatu Vénérand alikuwa amepiga ayala dume, kilo tisini, chini kabisa ya bonde, pasipofika gari. Wazee walisimama juu ya ukingo, wakamsifu mnyama, wakamsifu mpigaji. Kisha wakageuka, wote wanne, wakamtazama kwa upendo mwenye trela.