Kichekesho Kisichomtaja Mtu

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa! Muuza viatu anahama. Chumba cha mbele, chenye baraza, kinabaki wazi. Mimi nanyoa watu huku nyuma, kando ya matangi ya maji, mteja mpya akija inabidi aniulizie kwa dobi. Haki ya nani, chumba kile changu. Tatizo ni fundi cherehani wa chumba cha pili, naye anakitaka. Watu wanamwita Njoo Kesho, na hawakukosea. Mama mwenye nyumba amesema ataamua Jumapili, tukishamuaga muuza viatu. Nilimwambia mteja mmoja, ngoja nikwambie, nikamweleza mkasa wote nikiwa na mashine mkononi. Akauliza kama kichwa chake kitakwisha leo. Watu hawana subira siku hizi.

Jumatano, 6 Machi

Dawa imepatikana. Siku ya kuaga nitaigiza kichekesho. Sitamtaja mtu, sina ujinga huo. Nitasema "mafundi" tu, kwa ujumla. Fundi anajificha nyuma ya pazia mteja akibisha hodi. Fundi anaapa nguo imebaki vifungo, kumbe kitambaa hakijaonja mkasi. Bibi harusi anakwenda kuolewa kavaa shati la kaka yake. Mama mwenye nyumba akishaona hayo, ampe chumba mtu wa namna ile? Thubutu! Nimemwigizia mke wangu jikoni. Amecheka mpaka sufuria ikaungua. Kisha akasema nimejichora vizuri. Sijamwelewa. Mimi nashona?

Jumapili, 10 Machi

Balaa! Nimevaa futi ya kupimia shingoni, nimeigiza kwa moyo wote, ua mzima umeangua kicheko. Na aliyecheka kuliko wote nani? Njoo Kesho! Kapiga magoti, anajifuta machozi kwa kipande cha bitana, anataka nirudie pale pa pazia. Nikamuuliza kwa upole kama hajaumia. Aumie kwa lipi? Anasema fundi anayekimbizwa na wateja ndiye fundi, asiyedaiwa nguo analala njaa. Na yule mwongo wa vifungo ni fundi wa mtaa wa chini, nimempatia kabisa.

Muuza mboga kanuna. Anadai nimewasema wateja wasumbufu, na yule anayebisha hodi ni yeye. Amekwenda kumwomba fundi radhi! Gauni lake liko kule tangu mvua za mwaka jana. Dobi yeye aliona shati tu, anataka kujua nani alilifua.

Nikabakiwa na tumaini moja, mama mwenye nyumba. Namtazama, naye analia. Kumbe marehemu baba yake alikuwa fundi! Alijificha nyuma ya pazia vilevile, na yeye, akiwa mtoto, ndiye aliyetumwa mlangoni kusema baba hayupo. Akanishika mkono, akaniambia, "Mwanangu, umewaheshimu mafundi." Kisha akatangaza kwamba fundi anayesubiriwa na watu wengi kiasi kile apewe chumba chenye baraza, watu wapate pa kukaa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nami nimeingia na mashine yangu ya kunyolea. Nina hasira mpaka chai haipiti.

Alhamisi, 14 Machi

Njoo Kesho kahamia mbele. Jioni katuita barazani, naye ana kichekesho chake, juu ya vinyozi. Kinyozi anaanza, "Ngoja nikwambie," anasimulia, mashine inanguruma hewani, mteja anakwenda kuposa na nusu ya nywele. Nimecheka mimi! Mbavu zinaniuma hadi sasa. Ni yule kinyozi wa stendi kabisa, hakuacha kitu! Ajabu ni kwamba watu walikuwa wananitazama mimi badala ya mwigizaji. Nadhani nina kicheko kizuri. Mke wangu alikuwa amefunika uso kwa mikono.

Fundi akaja kunikumbatia. Anasema mtu anayecheka namna ile hana kinyongo, basi nilete kiti changu barazani, wateja wake wakingoja wanyolewe. Nimekubali kabla hajafunga mdomo. Nimefika mbele! Wateja tele, na hawana pa kwenda. Nimefurahi kama mtoto.

Jumamosi, 16 Machi

Baraza tamu, ila paa linavuja juu ya kiti changu. Kumwomba mama mwenye nyumba moja kwa moja? Hapana, nina akili zaidi ya hapo. Nitatunga kichekesho juu ya wenye nyumba. Sitamtaja mtu. Safari hii maana yake ni moja tu, hata kipofu ataiona, na mama atapanda juu mwenyewe na misumari. Nimeanza kukiandika hapa hapa.

Kuna mtu ananiita kutoka kwenye kiti. Anauliza kichwa chake kinakwisha leo au aje kesho. Kweli, upande mmoja bado. Nimemwambia atulie, ngoja nimsimulie habari za kinyozi wa stendi.