Kuku Wetu Katika Ghala la Mawinguni

Jumatatu, 9 Juni

Elibariki wa mradi wa kuku amekuja kwenye kikao cha kikundi chetu cha akina mama, hapa Chanika. Kijana mpole. Viatu vyake havina vumbi, sijui anapitaga wapi. Kasema kikundi chenye kuku kuanzia mia tatu kitapewa mashine ya kutotolesha vifaranga. Idadi ipelekwe kwa simu kwenye ghala la data la mradi, na ghala lenyewe liko mawinguni. Bi Mwanaheri, mwenyekiti wetu, akauliza masika inakuwaje. Elibariki akasema halilowi. Bi Mwanaheri akasema haya.

La pili. Wanatafuta mtu mmoja wa kutuma takwimu za kata nzima, kwa posho ya kila mwezi, akiwa nyumbani kwake. Akiwa nyumbani kwake! Wifi yangu ameshanitafutia kazi ya dukani Mwenge, kutoka alfajiri kurudi jioni, na Tupokigwe wangu ana miezi tisa, bado ananyonya. Nikanyoosha mkono. Flaviana naye kanyoosha. Yeye ndiye katibu wa kikundi, ana daftari la kaunta alilolivisha gazeti. Nimemhurumia.

Jumanne, 10 Juni

Mpango uko hivi. Nina programu ya noti kwenye simu, ile niliyoandikia siku Tupo alipoota jino. Kuna programu nyingine, nimeiona kwenye video fupi, inakaa katikati kama mshenga. Nikiandika noti, yenyewe inachukua namba, inaipeleka ghalani, mie nimekaa. Elibariki kanifungulia mlango wa ghala. Niliishia kidato cha pili, lakini mishale yote ya kwenye video nimeifuata, mtoto mgongoni.

Noti ya majaribio: kuku mmoja. Dakika haijaisha, ghala likajibu limepokea kuku mmoja. Machozi yalinilenga. Mume wangu Benedikto aliporudi kwenye ujenzi nikamwonyesha. Akauliza huyo kuku yuko wapi na kama analiwa leo.

Jumatano, 11 Juni

Nimezunguka nyumba zote ishirini na mbili za kikundi. Kazi nyepesi. Shikamoo, marahaba, una kuku wangapi, naandika, imekwenda.

Mama Venance kasema wawili watatu tu, mwanangu. Wakati huo kuku walikuwa wananikanyaga miguu. Tekla kasema anaye mmoja, tena anaumwa. Bi Mwanaheri kasema tunamshukuru Mungu, hawakosekani. Nikaomba namba. Akaniangalia kama nimemchungulia chumbani, kisha akasema haya, andika wanne.

Asubuhi nilipishana na Flaviana akitoka kwa Tekla. Hana simu, hana kalamu. Mfukoni punje za mahindi. Kikundi kitamwona tu.

Alhamisi, 12 Juni

Elibariki kapiga. Ghala linasema kikundi kizima kina kuku sabini na mmoja. Kama ndio hao, mashine haiji. Katupa mpaka kesho tusahihishe.

Nimemwendea Bi Mwanaheri. Kasema nilitegemea nini. Mwenye akili hataji idadi ya kuku wake, wala ya watoto wake. Ukitaja, jicho la mtu linaingia bandani, asubuhi unaokota mizoga. Kasema hayo hata mtoto anayajua. Kweli nayajua. Mie mwenyewe wa kwangu niliandika wawili. Wako wangapi, sitasema hata humu.

Dawa nimeipata namwogesha Tupo. Ile programu mshenga ina hatua ya hesabu. Kila namba ikipita, izidishwe. Uongo unanyooka njiani, hakuna anayeaibika. Nikajaribu kuzidisha kwa nne, ikatoka mia mbili themanini na nne. Haitoshi. Nikaweka mara tano. Kesho natuma upya.

Ijumaa, 13 Juni

Kumbe jana Bi Mwanaheri kapitisha tangazo: mashine inategemea idadi, kwa hiyo mara hii moja semeni. Wamekuja wenyewe kwangu, foleni mpaka kwenye kamba ya nguo. Mama Venance sasa anao arobaini. Tekla, yule wa mmoja mgonjwa, anao hamsini na wote wazima. Waliochinjwa Pasaka wamehesabiwa. Mama Venance akamwambia Tekla, "Shoga, hao hamsini unawalaza wapi, kitandani?" Tekla akamjibu, "Palepale unapowalaza arobaini wako."

Naandika, inakwenda. Tupo kalala mgongoni. Jumla waliyosema wao: mia saba na kumi. Nilipoikumbuka ile hatua ya mara tano, ghala lilishapokea elfu tatu mia tano na hamsini.

Nimeona niache. Sharti lilikuwa kuanzia mia tatu, na hizi zinaanzia.

Jumatatu, 16 Juni

Sharti lina upande wa pili, hatukuambiwa. Mradi ni wa wafugaji wadogo. Wenye kuku elfu tatu ni matajiri, wajinunulie mashine. Elibariki kaja kusema hayo kikaoni, amesimama. Bosi wake anauliza hilo banda liko wapi, maana hata kwenye picha iliyopigwa kutoka juu halionekani. Mama Venance akanong'ona kwamba huyo bosi ndiye mwenye jicho lenyewe.

Nikaeleza ile hatua ya hesabu. Kisha Tekla: "Yaani, Mama Tupo, hamsini wangu umewafanya mia mbili na hamsini? Ningewalisha nini mie?" Akakasirika kwelikweli, kama aliyeletewa wageni bila taarifa.

Flaviana akafungua daftari. Mia tatu thelathini na wanane. Siku zote hizi alikuwa anapita nyumba kwa nyumba alfajiri, mabanda yakifunguliwa. Anasalimia, anauliza hali za watoto, na kila kuku akitoka, anahamisha punje moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Hakuuliza mtu. Hakutamka namba. Bi Mwanaheri akasema huyu kalelewa.

Jumanne, 17 Juni

Elibariki kazunguka na Flaviana. Wamekuta mia tatu thelathini na wanane, kweli tupu. Mashine itakuja. Kikundi kimepiga vigelegele, na mie nikapiga, Tupo akashtuka akalia.

Kazi ya kata ikawa inamwendea Flaviana. Akasema, bila kuniangalia, kwamba macho yake hayapatani na simu, na kwamba Sekela ana mtoto mchanga, apewe jaribio moja la mwisho. Sekela ni mie. Sikujua kama jina langu analijua. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa ameshika daftari.

Jaribio: kesho nitume idadi ya mayai ya kuanzia. Kuna mashine kubwa ya mayai mia mbili na ndogo ya hamsini. Tutaletewa ya kutosha mayai yetu, na haibadilishwi. Flaviana kaniomba kitu kimoja tu, niiondoe ile hatua ya kuzidisha. Nimemwapia.

Jumatano, 18 Juni

Nimeiondoa mapema, kabla hata ya chai. Kiapo ni kiapo. Ila mtu akishaumwa na nyoka haachi mlango wazi. Ijumaa wanawake hawa walinidanganya kwa kuzidisha, na leo watazidisha tena. Kwa hiyo pale ilipokuwa zidisha kwa tano nimeweka gawanya kwa tano.

Mchana wameleta mayai yenyewe, kwa ndoo na vikapu. Flaviana kayapanga kwenye trei, kayahesabu mara mbili, kanisomea: mia moja na tisini. Nikaandika mia moja na tisini, mbele yake, herufi kubwa. Ikaenda.

Elibariki kajibu kabla sijafunika simu. Imepokelewa. Mashine ndogo inatosha kabisa, imeshapakiwa kwenye gari. Hakuuliza swali hata moja. Hesabu ikiwa safi, watu hawaulizi.

Nimempigia wifi, kwamba kule dukani Mwenge wampe mtu mwingine.